Simu Iliyomkata Baba Mkubwa Maneno

Wiki jana niliishia pale wazee wa upande wa Mabil walipotuma ujumbe kwamba wako tayari kuja kuongea.

Kwa aliyekosa: mimi ni Alek. Tulibaki watatu, kaka yangu Wal, mimi, na Akon, kitinda mimba wetu. Baba alifia vitani. Mama tukamzika hapa hapa kambini Kakuma. Mabil, kijana wa zahanati, alimpenda Akon, na Akon alimpenda hata akawa anaunguza kila anachopika.

Lilibaki jambo moja. Kwetu Wadinka, msichana hatolewi na kaka yake wakati ndugu wa baba yu hai. Neno la mwisho lilikuwa la Baba Mkubwa Ayuen, naye alikuwa Bor, Sudan Kusini, ng'ambo ya mpaka, safari ya lori ya siku kadhaa.

Huko Bor wanawe walikuwa na mtu wao, mzee mwenye zizi kubwa, aliyemtaka Akon kwa kuona picha yake tu. Baba Mkubwa peke yake ndiye aliyemkatalia. Alisema msichana ataolewa anakopenda. Neno lake ndilo lililokuwa ukuta wa Akon. Ukuta mwingine hakuwa nao.

Hapo ndipo Wal alipopata wazo la simu.

Simu tulikuwa nayo, ile ndogo ya tochi ambayo watu huiita mulika mwizi. Chaji yake ilikaa wiki nzima. Ila sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. Lazima uikandamize sikioni.

"Wazee wote wale watasikiaje?" Wal aliuliza. "Waipokezane kama kibuyu cha maziwa?"

"Kuna za Mchina," Akon akasema. "Ya Nyibol hapo jirani, akifungulia wimbo, mpaka Kakuma Tatu, mwisho wa kambi, wanacheza."

"Na pesa?" Shangazi Aluel akauliza. Shangazi ni dada wa baba, na hakuna jambo lililopita nyumbani bila yeye kulionja kwanza.

"Kuna ile ya sukari ya wageni," Wal akasema.

"Kwa hiyo wageni wakija watalamba simu?"

Tulicheka. Kicheko kile nakikumbuka kwa sababu tulikuwa wanne na sote tulicheka.

Usiku ule Akon alinivuta pembeni.

"Dada, nataka kumsikia."

"Nani?"

"Baba Mkubwa. Wanaume watakaa chini ya hema, sisi tutakuwa jikoni na moshi. Mama aliniambia siku aliyotolewa hakusikia hata neno moja. Alikuja kuambiwa baadaye kwamba ameolewa. Mimi nataka kusikia kwa masikio yangu mtu akisema niende kwa Mabil."

Wiki hiyo mimi na Wal tukaenda mjini Lodwar kuitafuta simu.

* * *

Duka lilikuwa la mtu anayeitwa Njenga, aliyekuja kutoka bara na kuzoea joto letu.

"Ejok," Wal akamsalimia Kiturkana.

"Ejok-noi, kaka. Karibu. Madam, karibu."

Simu zilikuwa zimepangwa chini ya kioo kama peremende. Wal akaonyesha moja ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa na laini mbili, redio, taa za kuwakawaka, na spika mgongoni pana kama kiganja.

"Hii iko na sauti?"

"Sauti? Ukiifungulia hapa, hata Lokori kule mbali wanaamka."

Akaifungulia. Mwanamke aliyekuwa akipita na kuni kichwani alisimama akacheza kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Nami nilikuwa nimesikia redio. Miezi ile ilikuwa ikisema kila siku kwamba Septemba ikiisha serikali itazima simu zote bandia.

"Redio inasema feki zitazimwa," nikamwambia.

"Hizo ni feki, madam. Hii ni orijino ya Mchina."

"Kwani Mchina ana orijino?"

"Madam, hata Mchina ana mama."

Wal alicheka mpaka akashika meza. Kisha akabonyeza zile alama ambazo redio ilikuwa ikifundisha watu. Safu ndefu ya tarakimu, namba ya utambulisho wa simu, ikatokea kwenye kioo.

"Ona, Alek. Iko na namba. Feki haiwezi kuwa na namba."

Hakuna aliyetuambia kwamba hata feki huwa na namba, ila namba hiyo hiyo huwa imebandikwa kwenye maelfu ya wenzake.

Pesa ya sukari haikutosha. Njenga akasema tuongeze mulika mwizi yetu. Akaitupa ndani ya katoni yenye nyingine za aina yake, kwa namna mtu anavyotupa kokwa ya tende.

Sisi tukarudi Kakuma tumeketi karibu na muziki wetu.

* * *

Mazungumzo yaliwekwa Jumatatu, tarehe mosi Oktoba. Wengi mnaikumbuka siku hiyo.

Asubuhi Nyibol alikuja ameshika simu yake mikononi kama kifaranga aliyekufa. "Imezimwa," akasema. "Ya mume wangu pia. Na ya kinyozi."

Wal alikimbilia yetu. Ilikuwa na mtandao. Alipiga namba ya Shangazi Mdogo wa Nairobi, ikaita.

"Orijino ya Mchina!" akapiga kelele, akaibusu mbele ya watu.

Mchana wageni wakafika. Msemaji wao alikuwa Mzee Lual, mtu mrefu mwenye fimbo na maneno mengi. Simu ikawekwa juu ya kiti chake yenyewe, kitambaa safi chini yake. Sisi wanawake tukawa nyuma ya ukuta wa jiko.

Simu ikaita. Wal akabonyeza. Sauti ya Baba Mkubwa Ayuen ikatoka, nzito, kana kwamba ameingia uani kwa miguu yake.

Akon aliacha chai ichemke na kumwagika.

"Lual," Baba Mkubwa akaanza, "nasikia umezeeka. Meno yapo?"

"Yamebaki machache, ya kulilia ng'ombe wa mahari mnaotaka kutumalizia!"

"Lia polepole. Bado hatujawataja."

Kicheko kikazunguka hema. Shangazi alijifuta machozi kwa khanga. "Huyo ndiye ndugu yangu," akasema. "Mmesikia? Huyo ndiye."

Kisha wakanyamaza wote, kwa maana Baba Mkubwa alianza kutaja majina.

Niwaeleze. Kwetu mwenye kumtoa binti hasemi ndiyo hivi hivi. Hutaja kwanza waliouzaa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka afike kwa baba wa msichana. Akishalitaja jina hilo ndipo anatoa neno. Wakati huo hakuna anayekohoa. Mtoto akilia hutolewa nje. Kumkata mzee kwenye majina ni kuwakata wenye majina.

Akataja. Jina likazaa jina. Akon alinishika mkono, na kila jina likipita alinibana zaidi.

"Biar akamzaa Anyang. Anyang akanizaa mimi Ayuen. Kisha akamzaa ndugu yangu, jina lake..."

Kimya.

Tukangoja. Baba alikuwa ndugu yake wa kiume wa pekee, na Baba Mkubwa ndiye aliyemzika kwa mikono yake.

"Analia," Shangazi akanong'ona. "Mwacheni alie."

Wanaume waliinamisha vichwa. Mzee Lual alivua kofia. Akon naye akaanza kulia, machozi ya bila sauti. Nami nikalia kwa ajili ya baba ambaye simkumbuki sura.

Tulingoja sana. Hakuna aliyethubutu kuigusa simu. Kuigusa ni kumhimiza mzee mwenye huzuni.

Mwishowe kuku akaruka juu ya kiti kile, na Wal akamfukuza, na katika kumfukuza akaona kioo. Akaishika simu. Akaigeuza. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Haina mtandao," akasema.

Nayo ilikuwa imezimwa, zamu yake ilichelewa tu. Tulikuwa tumekaa mkutano mzima, vichwa chini, tukiiombolezea simu feki.

* * *

Wal aliiwasha na kuizima. Akatoa laini, akapuliza, akarudisha. Simu ikawakawaka taa zake zote, ikapiga muziki wa kukaribisha, ikakaa.

"Piga kwa nyingine!" Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni.

Nyingine ipi? Za majirani zilikuwa zimekufa asubuhi. Aliyekuwa na simu hai pale uani ni Mzee Lual. Akaitoa mfukoni kwa wema, akampa Wal.

Laiti kuku angeruka tena wakati ule.

Simu ya Lual haikuwa na spika. Ila Baba Mkubwa kwa hasira hakuhitaji spika. Hata jikoni tulimsikia.

"Hii ni namba ya nani?"

"Baba, ni mimi, Wal."

"Nimeuliza namba ni ya nani!"

"Ya Mzee Lual, Baba, ametuazima..."

"Umenikata kwenye jina la baba yako. Nimekaa nimeshika simu sikioni kama mjinga, watu wangu wananitazama, hakuna aliyenipigia. Na sasa unanipigia kwa mdomo wa watu wanaotaka kuoa! Kumbe mmeshakula kwao. Mmeshamtoa. Mimi mlinitaka wa kupamba."

"Hapana, Baba! Simu imezimwa na serikali!"

"Serikali ya Kenya inanijua mimi? Ilijua nilikuwa nikitaja jina la nani?"

"Baba, ni simu zote za..."

"Wal, nisikie. Sina neno tena juu ya msichana huyo. Wenye kutoa na watoe."

Akakata. Wal akapiga tena. Haikupokelewa. Haikupokelewa tena.

Mzee Lual alichukua simu yake polepole. Akavaa kofia.

"Wanangu, msituelewe vibaya," akasema. "Binti ni mzuri. Lakini jina la baba yake limekatika katikati, na tumekaa hapa tumelisikia likikatika. Leo hatuwezi kumchukua. Mtoto wake akiugua kwa hasira ya wenye majina, tutamwambia nini?"

Wakaondoka. Chakula chote kikabaki. Chai haikuwa na sukari, na hakuna aliyeionja ajue.

* * *

Jioni Mabil alikuja mpaka kwenye uzio, hakuingia.

"Twende Nairobi," akamwambia Akon. "Wengi wameenda. Tutafunga ndoa kanisani, basi."

"Na watoto wetu niwaambie wametoka kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Wewe ni mmoja, Mabil. Mtoto anataka mstari wa majina."

Mabil akasema, "Basi nitakungoja."

"Unangoja nini?"

Alishika miiba ya uzio kwa mkono mtupu, na Akon akamwambia aiache, na yeye hakuiacha.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Ndugu yangu namjua," akasema. "Hasira yake ni ya mdomoni. Akimwona mtoto amepiga magoti mbele yake, itaisha kabla vumbi halijatoka magotini. Tutaenda Bor, mimi na Akon."

"Niende mimi," Wal akasema.

"Wewe? Hataki hata kivuli chako."

Mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Hakuna aliyenitaja.

Jumamosi tukawasindikiza kwenye lori la kwenda mpakani. Wal alikuwa ameleta ile simu ya dhahabu.

"Ichukue," akamwambia Akon. "Imezimwa Kenya tu. Ukivuka mpaka pale Nadapal itaamka, huko hawana habari nazo. Nimeweka laini ya kwao ndani."

Akon aliitazama kama unavyomtazama mbwa aliyekuuma.

"Sibebi kitu kilichomnyamazisha Baba Mkubwa."

"Akon, ni njia ndefu, na Shangazi hana simu."

"Kaka, nitamfikiaje na kitu hicho mfukoni? Nimpigie magoti nacho kikiimba?"

Nilitaka kusema ichukue. Nilifikiri pia kwamba ana haki. Lori likawashwa.

Akon aliinama juu ya ubao wa lori akanishika shavu.

"Usilie, dada. Naenda kusikia neno moja tu."

Ninaandika haya polepole. Ukurasa huu nimeuandika mara nyingi nikauchana, kwa sababu kila nikifika kwenye lori lile nataka kuliandika lisiondoke.

* * *

Jumanne nikambeba mtoto mgongoni nikashuka Lodwar na simu iliyokufa kwenye begi. Sikutaka pesa. Nilitaka mulika mwizi yetu, ili Akon akipata simu ya kuazima huko mbele, anipate kwenye laini ambayo anaijua kwa kichwa.

Mbele ya duka la Njenga palikuwa na watu wengi na kelele. Yeye alikuwa ameketi nyuma ya meza, mbele yake rundo la simu za rangi zote zikimwakia taa usoni.

"Madam wa sauti kubwa," akaniambia, amechoka. "Hata wewe. Haya, niue."

"Nataka mulika mwizi yangu."

"Nimeshaiuza. Iko Kalemng'orok, kwa mtu wa mbuzi."

"Basi nipe nyingine ya namna ile."

"Zimekwisha zote. Watu wote wanataka hizo sasa. Katoni nzima imeondoka kwa siku moja."

Sikuenda popote. Nilisimama pale. Mtoto akaanza kulia, na mimi nikawaambia wote waliokuwa pale yaliyotupata, kwa Kiswahili changu cha shule. Sikukusudia. Kelele zikapungua. Mama mmoja wa Kiturkana, ambaye simu yake pia ilikuwa kwenye rundo lile, alimchukua mtoto mgongoni mwangu akamtuliza.

Njenga aliinamisha kichwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwake akatoa mulika mwizi, kuukuu, imefungwa kwa mpira.

"Chukua."

"Ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe mwenyewe unatumia hii?"

"Madam," akasema bila kuniangalia, "mimi ni mtu wa kazi. Nahitaji simu ya kupatikana."

Watu walimzomea, hata waliokuwa nje. Mimi sikuwa na nguvu ya kuzomea. Nilitoka nje, nikaweka laini yangu ndani yake, nikaiwasha.

Ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine. Umetafutwa na namba hii. Umetafutwa na namba hii. Ilikuwa namba ya Sudan Kusini, ile ile moja kila mara. Kabla sijaisoma yote, simu ikaita.

Nikaikandamiza sikioni.

"Alek? Ni Alek huyo?"

"Baba Mkubwa!"

"Mwanangu, nimepiga simu zenu mpaka kidole kimekufa. Mnakaa wapi ninyi?"

"Baba Mkubwa, tusamehe..."

"Nyamaza kwanza. Mchungaji wetu alikuja kunieleza. Ana ndugu yake huko Kenya, naye amezimiwa. Alisema ni nchi nzima, matajiri na maskini. Nikaona aibu, Alek. Nimewatukana watoto wa ndugu yangu kwa kosa la chuma."

Nilikaa chini, pale pale kwenye mchanga mbele ya duka.

"Nikasema, majina yaliyokatwa na simu sitayamalizia kwenye simu," akaendelea. "Nimekuja mwenyewe. Niko Kapoeta, si mbali na mpaka, hii ni simu ya dereva. Lori limevunjika, fundi yuko chini yake. Likipona, keshokutwa niko kwenu. Mwambie Lual arudi na kofia yake. Mwambie Akon anichinjie kuku."

Nilicheka kwa sauti. Mama aliyemshika mtoto wangu akacheka pia, ingawa hakujua lugha yetu. Njenga akasimama kwenye mlango akinitazama, akasema, "Ni habari nzuri, sivyo?"

"Mpe simu nimsalimie," Baba Mkubwa akasema. "Mpe binti yangu."

"Hayuko hapa, Baba Mkubwa. Yeye na Shangazi walipanda lori Jumamosi. Wanakuja kwako Bor kupiga magoti."

Kimya.

Safari hii nilijua simu haijafa. Nilisikia nyundo ya fundi ikigonga chuma huko Kapoeta.

"Kwangu?" akauliza.

"Kwako."

"Basi tumepishana njiani." Nilimsikia akihema. "Alek, yule mzee wa ng'ombe alifika siku nilipoondoka. Wanangu walimwita, waliposikia nimesema sina neno. Ng'ombe wake wamefungwa uani kwangu. Nilimwambia angoje mpaka nirudi. Amebaki na wanangu."

"Shangazi yuko naye, Baba Mkubwa. Shangazi hatakubali."

"Aluel ni mwanamke mmoja, mwanangu. Pale pana wanaume sita, na wataona msichana ameletwa na shangazi yake mwenyewe mpaka mlangoni. Watasema ameletwa kuolewa. Nani atawabishia?"

Nyundo ikagonga, ikanyamaza.

"Mpigie," akasema. Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka. "Sasa hivi, kata hii umpigie. Mwambie asiingie kwangu. Alale kanisani, kwa mchungaji, mpaka nirudi; namba ya mchungaji sina. Unanisikia? Mpigie Akon!"

"Baba Mkubwa," nikasema, "Akon hana simu."